Aslam wa Firq na Masudi wa Mnazi Mmoja

Chekeni tu, kwani hata mke wangu anacheka na wanangu wamerithi kicheko hicho hicho, lakini aibu niliyoipata mji wa Ibra Ijumaa ile, kama aibu ingekuwa inaua, leo mngekuwa mnanisomea hitma. Na sikuiba, sikulewa, sikumtukana mtu. Nilibisha tu kuhusu kriketi.

Miaka hiyo, mwishoni mwa tisini, nilikuwa nauza vipuri vya magari Firq, hapa Oman, nje ya mji wa Nizwa kwenye magereji. Sisi ni watu wa Tabora (yaani ni Waomani, lakini tuliorudi kutoka Tabora, na mtu wa Unguja hakuachi hata siku moja uisahau tofauti hiyo), na kwetu Tabora mchezo ni kandanda, hayo mengine tulikuwa tunayaona ni watu kusimama juani wakingoja kitu kisichokuja. Sasa nyuma ya magereji kulikuwa na uwanja wa vumbi, na kila Ijumaa mafundi wa Kihindi na Kipakistani wanachezea kriketi pale, mpira wenyewe wa tenisi umezungushiwa utepe wa umeme ili uwe mzito. Nilikuwa napita zangu bila kugeuka, mpaka akaja Aslam.

Aslam alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mabega mapana, maneno hana. Msimu ule, tangu joto lilipopungua mpaka liliporudi, hakuna Ijumaa aliyokosa kufanya ajabu: leo mpira umevuka barabara, wiki ijayo umeangukia kwenye lundo la matairi mabovu ya jirani, wiki nyingine umevunja taa ya lori la maji, na mwenye lori badala ya kugomba akaegesha vizuri na kuomba Aslam apige tena aone. Nikawa mgonjwa. Dukani mteja anauliza bei ya plagi, mimi namsimulia Aslam.

Na katika msimu huo huo nilikuwa nimependa. Zuwena alikuwa mwalimu Nizwa, shule moja na dada yangu, lakini kwao ni Ibra, Waunguja wa mjini hasa, wale ambao mpaka leo ukimwambia bibi yao "habari gani" badala ya "shikamoo" umejimaliza. Baba yake, Bwana Nassor, alikuwa mtu mpole, mwenye shamba la ndimu na mitende. Ila kila mtu alijua kwamba nyumba ile haiamuliwi na Bwana Nassor, inaamuliwa na mama yake, Bibi, naye Bibi alikuwa ameshasema kwamba watu wa bara hawajui. Hawajui nini, hakusema. Zuwena akanitumia salamu kwa dada yangu: "Mwambie akifika kwetu ajibu anachoulizwa, na ulimi wake auache Nizwa."

Basi tukaondoka kwenda kuposa, mimi na baba mdogo Salum, aliyetangulia kurudi Oman kuliko sisi sote na aliyezijua desturi za hapa. Njiani, tulipoupita mji wa Sinaw, akazima redio.

"Hemedi, nisikilize. Tukiletewa kahawa, usinywe. Kikombe kiweke chini mbele yako. Mgeni mwenye haja hanywi mpaka aulizwe, aseme haja yake, na mwenye nyumba amwambie 'kunywa'. Ukinywa kabla, maana yake huna haja, umekuja kutembea tu. Umeelewa?"

"Baba mdogo, kwani mimi mtoto?"

Akaniangalia, akawasha redio.

Tulifika baada ya Alasiri. Majlisi yao ya wageni nzuri, zulia jekundu, sinia ya halwa na tende, mlangoni kikapu cha ndimu ambacho Bwana Nassor alikuwa ametuwekea tuondoke nacho, na upande mmoja pazia la kijani ambalo nyuma yake ndiko waliko wanawake. Tulikuwa tunasikia bangili zao na harufu ya mchuzi wa samaki wa nazi, kwa sababu walishakata shauri kwamba hatutoki bila kula. Bwana Nassor akamimina kahawa kwa mkono wake. Baba mdogo akakiweka kikombe chini. Na mimi nikakiweka changu (mpaka hapo nilikuwa kijana mwenye adabu, naomba mkumbuke). Bwana Nassor akaviona vikombe vimejaa, akatabasamu kidogo, akajiweka sawa ili atuulize.

Lakini pembeni yake alikuwapo kaka yake mkubwa, Ami Seif, naye akawahi.

"Nasikia unakaa Firq. Kweli kuna Wahindi wanacheza kriketi huko?"

Nikasema kweli. Ningeishia hapo. Lakini huyu mzee kaniuliza kitu ninachokipenda, moyo ukafunguka, nikamweleza Aslam, na lori la maji, na matairi. Ami Seif akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi kama mtu aliyeonjeshwa chai isiyo sukari.

"Wewe mwanangu, hukumwona Masudi. Mnazi Mmoja, Unguja, zamani zetu. Mpira wa ngozi khasa, mgumu kama jiwe, mkononi hana glavu, chini kumetandikwa mkeka wa makumbi. Wazungu wakimwona anakuja wanarudi nyuma. Siku moja, wallahi, kaupiga ukapaa juu ya mivinje, ukenda, ukenda, ukaangukia mtaa wa Kisiwandui ndani ya chungu cha mchuzi!"

Hapo ndipo. Ningesema mashallah tu, neno moja lisilogharimu kitu, ningekuwa salama.

"Ami, samahani," nikasema. "Mbali, sawa. Lakini chunguni?"

Nyuma ya pazia bangili zikanyamaza. (Bangili zikinyamaza, ndugu zangu, tafuta viatu vyako.) Mimi sikusikia. Nikaendelea kumfahamisha Ami Seif kwamba watu wa zamani wanakuzwa na masimulizi, kwamba Masudi alipiga mara moja lakini Aslam kapiga Ijumaa hadi Ijumaa msimu mzima, na kwamba leo warushaji wana mbio zaidi. Nikapanga tende juu ya zulia kuonyesha wachezaji wamesimama wapi, na kipande cha halwa nikakifanya lori.

"Mpira wa utepe!" Ami Seif akapandisha sauti. "Huo mpira au andazi? Mpe Masudi andazi uone kama halifiki Pemba!"

"Na Aslam ukimpa mpira wa ngozi, Ami, utafika Muscat!"

Koo likanikauka kwa kubisha. Mkono ukateremka wenyewe, ukakuta kikombe, nikanywa. Nikanywa chote. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafundishwa kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe, nikakitikisa, kwa adabu kabisa, nikamrudishia Bwana Nassor.

Nilimwona baba mdogo akifumba macho. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa mbele yake, peke yake pale zuliani, na hapo ndipo nikakumbuka maneno ya njiani. Bwana Nassor akakitia kikombe changu kwenye bakuli la maji, akajifuta mkono.

"Basi ahsanteni sana kututembelea," akasema. "Mtu akikumbuka wenziwe ni jambo zuri."

Kutembelea! Ndiyo kusema posa imekufa kabla haijasemwa, na hakuna aliyekataa, nimejikataa mwenyewe kwa kikombe cha kahawa. Nikamfikiria Zuwena nyuma ya lile pazia, kasikia kila kitu, nikaona uchungu wa kweli. Na mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikawaza: baba yake nimeshamkosa, basi angalau nimpate ami yake, huenda akaniombea. Kwa hiyo Ami Seif aliposema, "Inuka basi unionyeshe huyo Aslam wako anapiga vipi," niliinuka.

Nikachukua bakora ya baba mdogo. (Akaishika. Nikaivuta. Akaiachia.) Nikapandisha kanzu yangu ya dishdasha mpaka magotini. Ami Seif akaenda mlangoni, akachagua ndimu kikapuni, akaisugua kwenye paja kama alivyofanya ujanani, na mimi nikasimama mbele ya sinia nikiwa sijawahi kushika gongo la kriketi tangu nizaliwe, kwa sababu kazi yangu mimi ilikuwa kutazama na kusimulia.

Nia yangu ilikuwa niiguse tu, taratibu, tucheke, tukae. Ami Seif akatupa. Nikafumba macho, nikapiga.

Jamani, niliipata. Mkono ulijua kabla ya macho. Nilipofumbua niliona pazia linatikisika kwa juu, palipo na mwanya, kisha tukasikia "chubwi", kisha mwanamke mmoja akapiga kelele.

Bwana Nassor akasimama. Baba mdogo alikuwa keshaanza kutafuta viatu. Ni Ami Seif peke yake aliyekuwa ameinua mikono juu.

"Chunguni! Nassor, sikiliza, imeingia chunguni!"

Kumbe chungu cha mchuzi kilikuwa kimeletwa mbele ya Bibi aonje chumvi, maana hakuna chakula kinachotoka nyumba ile kabla Bibi hajaonja, na Bibi hakubali mchuzi upikwe ila chunguni. Alikuwa na mwiko mkononi ndimu ilipoingia.

"Nani huyo?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo, lakini wanaume wote tulisimama wima.

"Shikamoo, Bibi," nikasema kuliambia pazia.

"Marahaba. Ndiwe uliyesema mpira hauingii chunguni?"

"Ndimi, Bibi. Nisamehe. Sikukusudia."

"Chungu cha Kisiwandui kilikuwa changu mie."

Nikatamani zulia lifunguke.

"Mchuzi wa papa," Bibi akaendelea. "Nlikuwa bi arusi, hata wiki mbili sijamaliza kwa mume wangu. Mpira ukaingia, chungu kikapasuka, mchuzi wote chini. Mama mkwe akarudi, namwambia mpira umetoka Mnazi Mmoja, akanambia muongo, umekiangusha mwenyewe kwa uvivu. Kafa bila ya kunisadiki. Na mume wangu, Mungu amrehemu, akinisadiki huku anacheka. Hawa wanangu pia, huyu Seif anahadithia lakini namjua, anahadithia kwa kuchekesha."

Ami Seif akateremsha mikono.

"Miaka yote hiyo mie muongo," akasema Bibi. "Leo kaja mtu wa Tabora kanisafisha. Nassor! Umeona kama kitu kinaweza kuruka kikaingia chunguni, au hukuona?"

"Nimeona, mama."

"Haya." Tukasikia mwiko unakoroga, na Bibi anaonja, taratibu, kama hana haraka na maisha ya mtu. "Na mchuzi wenyewe ulikuwa unataka ndimu."

Nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Nilikijua. Nilikuwa nimekisikia mara mbili tatu tu, getini shuleni Nizwa nilipokwenda kumchukua dada yangu, lakini nilikijua, nikajikuta na mimi nacheka huku machozi yananitoka.

"Nassor," Bibi akasema, "mtilie huyo kijana kahawa nyingine. Na wewe mwanangu, safari hii usinywe."

Bwana Nassor akamimina. Nikakiweka kikombe chini, nikaikalia mikono yangu yote miwili. Akatuuliza haja yetu, baba mdogo akaisema (bakora yake imelowa maji ya ndimu), na Bwana Nassor akalitazama pazia, pazia likakohoa, akatugeukia.

"Kunyweni," akasema.

Nusu ya kahawa niliimwaga kifuani.

Sasa hiyo ni miaka mingi. Aslam alisharudi kwao, na vijana wa Firq siku hizi wana mpigaji wao mpya wanayemsifu, nami nawaambia kwa uchungu kwamba hawakumwona Aslam. Lakini kisa kinachozunguka Ibra ni cha ndimu, na mwenye kisa ni Ami Seif. Siku ya harusi yetu alikuwa anasema niliipiga kutoka mlangoni. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, ndimu ilikuwa imetokea uani. Eid iliyopita tulikuwa tumekaa majlisi ile ile, na ndimu, mbele ya masikio yangu, ikapaa juu ya mitende, ikavuka bonde la wadi, ikaingia chungu cha nyumba ya ng'ambo.

Mwanangu, ambaye anatazama kriketi ya dunia nzima kwenye dishi na anajua kila kitu, akakunja uso. "Babu, haiwezekani. Mbali, sawa, lakini chunguni?"

Ami Seif akanigeukia. Nilijua ukweli, kutoka zuliani mpaka kwenye pazia, mtu angeweza kuirusha hata kwa mkono wa kushoto. Nyuma ya pazia bangili za Zuwena zikanyamaza.

Nikakishika kikombe changu. "Mwanangu," nikasema, "sema mashallah."