Oto ni ya Asiyeijua Mashine Yake

Mume wangu alikuwa mbishi, tena ule ubishi wa kuudhi, wa mtu ambaye mwishowe unakuta kasema kweli. Mimi nahariri video za harusi na kipaimara, na kompyuta ya kazi tuliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa kasi iliyotoka nayo kiwandani ilinichelewesha mpaka nikawa naona aibu kupokea simu za wateja. "Niachie," akaniambia, "nitaiongezea mwendo." Nikamwachia, ningefanyaje.

Tulikuwa tunaishi Old Moshi, juu huko, ambako mwezi wa saba unakunywa chai umejifunika blanketi. Kila asubuhi aliiwasha, na kabla haijaamka vizuri anabonyeza kitufe, unafunguka ukurasa mweusi wenye namba tupu. Anaipandisha kasi ya prosesa kidogo, anaiongezea umeme kidogo, anaipa kazi nzito ya kuipima, kisha anaenda kuwakatia ng'ombe majani. Akirudi akakuta imezima, anashusha. Akikuta inadunda, anaongeza tena.

Nilimuuliza kwa nini asichague ile oto iliyopo pale pale juu ya ukurasa, mashine ijipangie yenyewe, nasi tupumzike. Alinitazama kama nimemwambia tunywe mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kopo la dukani. "Oto ni ya asiyeijua mashine yake," akasema. "Inamwaga umeme ovyo kwa woga. Hii mimi naijua." Na kweli aliijua, sikatai. Kazi iliyokuwa inanila mchana kutwa ikawa inaisha kabla maharage hayajaiva.

Kisha kiharusi kikamwangusha kihambani, kwenye migomba yake. Mkono wa kulia ukafa na maneno yakaondoka karibu yote, likabaki "eee" na "hapana". Tukahamia mjini, Pasua, nyumba ya kupanga, ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye ubaridi ule, umlaze chini ya bati la Pasua mwezi wa pili, we acha tu. Mashine nayo niliiweka pembeni ya kitanda chake, kwa sababu kazi za watu zilikuwa zinanisubiri na yeye sikuweza kumwacha peke yake.

Ikaanza kuzima. Bibi harusi anaingia ukumbini, ndugu wanasimama, giza. Nikamwita fundi, akaipima, akatikisa kichwa. "Mama, aliyeipanga hii aliipangia baridi," akasema. "Huku chini haiwezi. Tuweke oto tu, ikipoa itajipandisha, ikipata joto itajishusha yenyewe."

"Usiguse," nikamwambia.

"Lakini mama, utaiua."

"Nimesema usiguse." Nilimfokea bure, maskini, hakuwa na kosa lolote.

Nilikuwa na langu moyoni. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alikuwa ameniambia nimpe mgonjwa vitu alivyovipenda, huenda kitu kikaamka. Nikajiambia mume wangu hajaondoka, yumo humo ndani, na kama kuna kitakachomtoa ni zile namba zake. Ataona mashine inateseka, atazishusha mwenyewe kidogo kidogo kama zamani. Akishusha hata moja, nitajua anarudi. Nimesali rozari kwa ajili ya namba za kompyuta, cheka ukitaka.

Siku moja asubuhi nilimlisha mtori, nikamfuta kidevu, nikamkalisha kitini na mto mgongoni. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe, ukurasa mweusi ukafunguka. "Baba watoto, inazima," nikamwambia. "Joto la huku limeishinda. Ishushe basi."

Akaitazama skrini weee, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha mkono wa kushoto ukasogea kwenye kibodi. Akateremka mstari kwa mstari bila kukosea hata mmoja, mpaka kwenye namba ya kasi aliyoiweka yeye mwenyewe. Alikuwa anajua. Kila kitu kilikuwemo kichwani mwake, mahali pake. Nilianza kulia kwa furaha, nikamshika bega. "Hiyo hiyo," nikasema. "Ishushe."

Akabaki pale pale. Akataka kuuinua ule mkono wa kulia, ukagoma, akautazama ulivyolala pajani. Halafu akapanda tena hadi juu ya ukurasa, akachagua oto. Ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Siyo hiyo," nikamwambia, "umekosea." Nilijua hajakosea. Akanigeukia, macho yakiwa yale yale ya mtu mzima mwenye akili zake timamu, akasema, "Hapana."

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Siku zote hizo nilikuwa naomba nijue kama bado yumo. Yumo. Yumo, na anajua yote yaliyompata, na ameshaamua.

Kesho yake nilipomwambia tujaribu tena aligeukia ukutani. Siku si nyingi akaanza kukataa na mazoezi. Sasa hata mtori anaufumbia mdomo, nambembeleza kijiko kwa kijiko mimi niliyezoea kubishana naye. Watu wa kule juu wakishuka kumwona wananiambia nimshukuru Mungu, walau akili imebaki. Nawaitikia, nawakaribisha chai.

Mashine haijazima tena tangu siku ile. Inajipandisha, inajishusha, yenyewe, hainisumbui kwa lolote, nami naunganisha harusi za watu nikiwa nimempa mgongo ili asinione uso. Kuna siku naomba izime.