Chai Haihesabiwi

Jumapili ile tulikuwa watu watano nyumbani kwangu, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba. Alikuwepo ndugu yangu anayenifuata, ametoka kanisani na tai ameikunja mfukoni. Alikuwepo mke wake, ambaye simu haimtoki mkononi hata akila. Alikuwepo kitinda mimba, dada yetu, aliyeachwa na mama kabla hajamaliza kuota meno. Na alikuwepo Mama. Si mama mzazi. Yule tulimzika, na baba kabla yake. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mzaliwa wa magharibi kule kwenye miwa, ambaye tulianza kumwita Mama wiki ile ya matanga na hatujaacha mpaka leo.

Alikuja kama ajavyo kila Jumapili, na chupa yake ya chai kwapani.

Mimi nilikuwa na hasira tangu Ijumaa. Ijumaa nilikuwa nimerudi kliniki kule Hurlingham, nikafungwa ule mkanda wa presha, nikatobolewa kidole, nikazungushiwa futi kiunoni kama ninavyowazungushia wateja wangu. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule katika chumba cha juu pale River Road, na futi nimeishika tangu nilipoacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasiache. Kwa hiyo daktari alipoisoma futi nilikuwa nimekwisha kuisoma kabla yake. Kiuno kilikuwa palepale. Presha palepale. Sukari na mafuta ya damu vilikuwa vimepanda.

Ugonjwa wenyewe una jina refu ambalo daktari alilitamka mara mbili na mimi sikulishika hata mara moja. Nilichokishika ni maelezo yake. Alisema si ugonjwa mmoja. Ni kama wapangaji wabaya katika ploti moja: kiuno kinene, presha, sukari, mafuta ya damu. Kila mmoja peke yake unaweza kumvumilia, lakini wakishirikiana wanakubomolea nyumba. Moyo, figo, macho, kiharusi. Aliposema kiharusi niliacha kumsikiliza, kwa sababu mama alianguka hivyo hivyo, akiwa anakuna nazi ya wali wa Krismasi, na alikuwa mdogo kuliko nilivyo sasa.

Miezi mitatu, alisema mara ya kwanza. Badili chakula, tembea, kisha uje tuone. Na mimi nikimwambia mtu nitafanya jambo, nalifanya. Ndivyo nilivyowalea hawa.

Mtaalamu wa lishe alikuwa msichana mpole mwenye picha ya sahani ukutani. Nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo protini. Kwenye picha kulikuwa na samaki wa rangi ya waridi na vijitunda vya zambarau ambavyo sijawahi kuviona sokoni. Nilimuuliza vinauzwa wapi. Akacheka, akasema, "Usijali, tumia vyako." Nikatumia vyangu. Nusu ya sahani ikawa managu na terere. Robo ikawa nduma, au ugali wa ukubwa wa ngumi. Robo ikawa ndengu. Mafuta ya kupikia nikayaonea uchungu kama dawa ya macho. Mandazi ya saa nne, ambayo wenzangu chumbani hununua kwa yule mama anayepanda ngazi na ndoo, nikayaacha. Chapati nikazipika na sikuzionja. Jioni nikawa natembea sehemu ya njia badala ya kupanda gari, viatu vikiniuma, nikipita harufu ya kuku wa kukaanga mlango hadi mlango.

Halafu sukari inapanda! Ijumaa ile msichana wa lishe alinitazama kwa huruma ile ya mtu asiyekuamini. "Na soda, hunywi?"

"Sinywi."

"Juisi za paketi?"

"Sinywi."

"Kwenye kikombe cha chai unaweka vijiko vingapi vya sukari?"

"Siweki," nikasema, na ilikuwa kweli.

Akaandika. Daktari naye akasema nikija tena hali ikiwa hivi, tutaanza vidonge, na tutaanza vingi. Nilishuka barabarani nikiwa nataka kumpiga mtu.

Kwa hiyo Jumapili nilipika vyakula viwili. Wao pilau na kachumbari, mimi managu na ndengu. Ndugu yangu aliangalia sahani yangu akatingisha kichwa.

"Dada, hiyo ni ya sungura. Na sungura mwenyewe angeomba chumvi."

"Kula yako."

"Nakula. Lakini tuambiane ukweli. Hii nyasi yote, na bado vipimo vinapanda? Kuna mahali unakula."

"Wapi?"

"Si huko tao unakofanya kazi? River Road kila mlango ni hoteli."

Mke wake akaunga mkono bila kuinua macho kwenye simu. "Kuna video nimekutumia ya maji ya ndimu. Hukufungua. Na ile ya siki. Hukufungua."

"Nilifungua," nikasema. "Siki iliniunguza koo."

"Basi hukuipima vizuri."

Nashindwa kueleza jinsi maneno haya yalivyoniuma. Ndugu yangu huyu, kwa miaka mingi nilimpakulia kwanza, na mimi nikakwangua sufuria. Sasa ananishuku kama mtoto aliyeiba nyama. Niliwatazama wakiongeza pilau, kila mmoja na kiuno chake chembamba, nikaona hakuna haki duniani.

Mama alikuwa akimimina chai. Chupa ile ni ya bati, yenye maua mekundu yaliyofifia, na ndani yake chai hukaa moto mpaka jioni. Nikapokea kikombe changu, kile kikubwa, nikanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Hasira ikatulia kidogo. Kwa kweli katika miezi ile chai ndiyo iliyonishikilia. Njaa ikinibana saa nne, chai. Mchana wenzangu wakila, mimi chai kutoka kwenye chupa ninayobeba kazini, niliyoichemsha mwenyewe alfajiri. Jioni nikifika nimechoka, chai kwanza, kisha hiyo nusu sahani ya managu. Kadiri nilivyopunguza chakula ndivyo nilivyoongeza chai, na sikuona ajabu, kwa sababu kwetu chai haihesabiwi. Mtu akikuuliza umekula nini, ukajibu, "Nimekunywa chai tu," maana yake hujala.

Chai ikaisha. Mama akainuka kwenda jikoni kwangu kuchemsha nyingine, na kitinda mimba akamfuata kumsaidia. Niliwasikia wakiongea.

"Nipe sukari, mwanangu."

"Hii hapa, Mama. Na kijiko."

"Kijiko cha nini? Kijiko ni cha wageni. Nipe kikombe."

Kisha kitinda mimba akatokea mlangoni, kikombe cha sukari mkononi, kimejaa hadi mdomoni.

"Dada," akasema, "na wewe yako ya kazini unapika hivi hivi?"

"Hivi vipi?"

"Na kikombe."

"Nitapikaje tena? Ndivyo chai inavyopikwa."

Alikiinua kile kikombe juu ili wote waone. Ndugu yangu aliacha kutafuna. Mke wake, kwa mara ya kwanza siku ile, aliiweka simu mezani.

"Si ulimwambia yule wa lishe huweki sukari?" akauliza.

"Siweki! Nani ameniona nikiweka?" Na hakuna aliyeweza kusema ameniona. Nyumbani kwetu sukari haijawahi kuwekwa mezani. Inaingia sufuriani pamoja na majani na maziwa, inachemka, na ikifika kikombeni imekuwa chai. Nimekunywa hivyo tangu nikiwa msichana. Yule msichana wa Hurlingham aliniuliza kuhusu kijiko na kikombe, nikamjibu kuhusu kijiko na kikombe.

"Kwa hiyo miezi mitatu," ndugu yangu akasema polepole, "umekula majani ya sungura, ukateremshia na kilo za sukari."

Akaanza kucheka. Mke wake akacheka. Hata kitinda mimba akaziba mdomo. Ndipo nilipopiga meza.

"Chai si chakula!" nikapaza sauti. "Tulikuwa tunalala na chai kwa sababu hakukuwa na chakula! Ingekuwa chakula tungekuwa tumeshiba!"

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kitinda mimba, mikono imelowa.

"Kwani chai yangu ndiyo inamuua?" akauliza.

Mimi nilitaka kusema hapana, lakini nilikuwa nimeshaiona ile futi, na nilikuwa nimeshamwona mama kwenye sakafu ya jikoni na nazi yake.

Akaja akaketi. Alizungumza kwa kunihutubia mimi peke yangu, kama wengine wametoka.

"Mlikuwa mnalia. Huyu mdogo alikuwa analia mpaka ploti nzima inaamka. Maziwa nilikuwa naomba kwa watu. Majani nilikuwa nakausha natumia tena. Sukari ndiyo ilikuwa yangu. Ndugu yangu alikuwa anakata miwa nyumbani, kila mtu akija Nairobi ananitumia gunia dogo. Nikasema hawa watoto sina nyama ya kuwapa, sina unga wa kutosha, lakini utamu ninao. Nikawatilia mwingi. Mkalala." Akajifuta mikono. "Sasa unaniambia niliwatilia nini?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema."

Akarudi jikoni, akamalizia kuichemsha. Akamimina vikombe vitano, na changu akakiweka mbele yangu, kikubwa, kinafuka. Harufu yake naijua kuliko harufu ya nguo za mama. Wote wakanitazama. Si kukitamani kulikonishinda. Ni kwamba sikuwahi kumkatalia yule mwanamke kitu alichonipa kwa mikono yake, na kwa watu wetu mkono uliokulisha ukiwa yatima haukataliwi.

Nilikisogeza kikombe kwake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Mama. Hawa wameshazika mama mmoja."

Hakubishana. Akakichukua, akairudisha chai yote ndani ya chupa bila kumwaga tone, akafunga kifuniko kwa nguvu mno. Kisha akaaga mapema, akasema magoti yanamsumbua, na chupa akaiacha mezani.

Kuacha chupa kuna maana yake. Tangu zamani, chupa ile ikiachwa kwetu huwa tunaiosha na kuirudisha, lakini haturudishi tupu. Chombo kilichokuja na kitu hurudi na kitu. Nimewahi kuipeleka pamoja na maharagwe, na ndizi, na kitambaa cha gauni nilichomshonea. Yeye naye huijaza tena, na ndivyo imevuka barabara huku na huku tangu mimi ni msichana.

Wiki ile nilichemsha chai mpya. Maziwa kidogo, tangawizi, iliki, majani mengi, sukari hakuna. Ilikuwa chungu na mimi mwenyewe niliinywa nikikunja uso, lakini niliizoea siku hadi siku kama mtu anavyozoea mto mgumu. Jumamosi nikaijaza kwenye chupa yenye maua, nikavuka nayo. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Nikammiminia. Akaonja, akakaa nayo mdomoni, akameza kwa shida.

"Hii umeoshea sufuria?"

"Ni chai, Mama. Haina sukari tu. Na wewe presha unayo, ungejaribu."

"Nina presha, sina adhabu." Akanirudishia kikombe. "Chukua chupa yako."

"Ni yako, Mama. Nimeirudisha."

"Hujairudisha. Hii ni tupu."

"Imejaa!"

"Ni tupu," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Nikavuka barabara na chupa iliyojaa, nina hasira naye, nina hasira na daktari, nina hasira na miwa yote ya magharibi.

Nimeshakwenda Hurlingham tena. Sukari imeanza kushuka, mafuta nayo kidogo. Kiuno kimetoa nafasi ya vidole viwili ndani ya sketi ileile. Presha bado ni mkaidi, na kidonge kimoja nimeandikiwa, si vile vingi. Msichana wa lishe alipoulizia sukari ya chai nilimweleza habari ya sufuria tangu mwanzo, naye akaweka kalamu chini na kusema kwao pia hupika hivyo, hata hakuwahi kuuliza. Ndugu yangu ananiita sungura mbele ya watoto wake. Nakula managu. Natembea. Mchana njaa ikinibana nanywa maji na kuilaani River Road yote.

Mama bado huja Jumapili. Anakula pilau, anacheka na wengine, anaondoka. Nimempelekea nduma za kuchemsha, akapokea, akasema asante, hizo ni nduma. Nimempelekea parachichi. Asante, hilo ni parachichi. Alichonipa mimi kilikuwa usingizi wa watoto wanne wakati hana kingine cha kutoa, na sijapata kitu kisicho na sukari kinachotosha kujaza mahali pake. Ndugu yetu wa tatu, aliye mbali kikazi, nilipomweleza kwa simu alisema, "Mtilie tu sukari, si wewe utakayekunywa." Sikuweza. Presha yake naijua.

Chupa iko juu ya kabati langu, imeoshwa, imekauka, kifuniko kimelazwa kando. Kila Jumapili, akifika mlangoni kuaga, ananiuliza, "Chupa yangu iko wapi?"

Namjibu, "Inakuja, Mama."