Kashata ya Kwanza

Bi Esha hakula kashata kabla ya kuisikiliza. Ya kwanza kutoka siniani aliisogeza sikioni, akaivunja. Ikilia *ka!*, watu waliruhusiwa kula. Ikikunjika kimya, sinia zima lilirudi jikoni. Desturi hiyo aliishika tangu alipokuwa msichana hapo hapo Gazi, na hakuiacha hata macho yalipoingia ukungu.

Kashata kwao zilikuwa za kipupwe. Mvua ikiwafungia ndani, watoto na wajukuu walijaa jikoni: huyu akune nazi, yule atwange iliki, wengine wangojee kulamba mwiko. Lakini mwaka huu leso ya Bi Esha ilishika moto. Mwanawe Jaafar aliuzima kwa ndoo ya maji, kisha akatoa amri: mama asiliguse jiko tena. Kashata zitanunuliwa Ukunda.

"Za kununua?" Bi Esha akauliza. "Basi mnunue na mama mwengine huko huko."

Hasina, bintiye anayesomesha Kwale, akasema atapika yeye. Jaafar akakubali kwa sharti: zikiharibika, mambo ya kashata yamekwisha nyumba hii.

Hasina alipika kwa saa ya simu. Sukari ilipogeuka rangi ya asali alitia nazi, akakoroga, akamimina. Zikakataa kuganda. Alisahau kwamba siku ya mvua sukari hutaka moto zaidi.

"Mwalimu, hizi kashata au uji?" Jaafar akamcheka.

"Uji ni wa wagonjwa," Bi Esha akajibu. "Wewe u mzima, ngoja. Hasina, rudisha sufuriani. Na hiyo simu mpe nduguyo aichezee."

Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia hatua tatu kutoka kwenye jiko, asiliguse, kama alivyoamriwa. Akainamisha kichwa.

"Tayari, mama?"

"Bado."

Mkono wa Hasina ulianza kuuma. Moshi mwembamba ukapanda. "Mama, inaungua!"

"Inaungua machoni mwako. Mimi nasikia maji."

Hasina akaendelea kukoroga. Mtokoto ukapungua, ukawa mzito, mwisho ukabaki kama mtu anayenong'ona.

"Epua!"

Zilipopoa, Hasina aliinua ya kwanza, akamsogezea mamake sikioni. *Ka!* Jaafar ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono, na Ukunda hakuitaja tena.

Asubuhi yake Hasina alikuwa arudi Kwale. Hakujua kwamba siku ya nne angeitwa kuja kumzika mamake. Bi Esha alimfuata hadi mlangoni kwa kupapasa ukuta, akamshika mkono, akaunusa: iliki ilikuwa haijatoka vidoleni. Kisha akamtilia mwiko mkobani, ule ule mweusi wa miaka yote.

"Mwakani utapika wewe," akasema. "Ya kwanza usiionje, mwanangu. Isikilize."