Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Kidonda cha mama mkwe wangu kilianzia kwenye kidole cha mguu, alipovaa viatu vipya vya kanisani. Kwa mtu mwingine kingepona kwa wiki moja. Yeye alikuwa na kisukari, na daktari wa hospitali ya misheni ya Lugulu akasema kidonda kisafishwe na kufungwa kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa, la sivyo mguu utakatwa. Mke wangu alirudi Kitale akanieleza hayo akiwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari lipo.

Nililisema hilo kwa majivuno. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mtaani kwetu wenye magari tulikuwa wachache. Langu lilikuwa kuukuu, la dizeli, la mraba kama kabati, viti viwili mbele na mabenchi mawili nyuma. Nilikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi, nikizunguka mashamba ya Trans-Nzoia na sanduku la chuma la vifaa ambalo nililiweka siku zote kwenye kiti cha abiria. Lilikuwa zito kiasi kwamba nilipofika kwa wateja nilichukua spana niliyoihitaji na kuliacha lenyewe palepale.

Jumatatu jioni nililiosha gari hadi ndani. Sanduku nikalitoa, nikalifungia stoo, nikasugua kiti kwa sabuni. Mtu haendi ukweni na vyuma vinavyonuka grisi. Sisi watu wa upande huu wa Mlima Elgon, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamli chumba kimoja, na kuketi bega kwa bega kwenye gari ni jambo ambalo hata mlevi hawezi kulipendekeza. Akitaka kuniambia kitu humwambia mke wangu, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Nyumbani kwake ni juu ya Chwele, kwenye kibonde kati ya migomba. Gari likishateremka humo, kutoka ni kupanda mlima. Jumanne ile tulifika mapema, mke wangu akiwa ameketi kando yangu toka Kitale. Nikazima gari, nikaenda kusimama karibu na shamba nikitazama mahindi, wakati mama akiingizwa garini kwa mlango wa nyuma, amejifunika leso kichwani. Mke wangu akaketi naye huko huko, mguu mgonjwa ameupakata usining'inie. Nikarudi kwenye usukani, nikazungusha ufunguo.

Tik. Basi.

Nikajaribu tena. Tik. Taa zilikuwa zikiwaka, honi ikalia hadi kuku wakatawanyika, lakini starta, mota ya kuamsha injini, haikuzunguka. Nilishuka nikagonga starta kwa jiwe, nikapanda, tik. Mwishowe wanaume waliokuwa wakielekea sokoni Chwele waliitwa, wakatusukuma kinyumenyume, kisha mbele, jasho likiwatoka, hadi likawaka. Tulifika Lugulu foleni ikiwa imekwisha, na muuguzi akatuhurumia tu, akakifunga kidonda.

Wakati wa kurudi mzee mmoja wa kanisa aliomba lifti, akaketi mbele. Gari likawaka mara moja, kama kwamba halikuwahi kunitia aibu. Nikajiambia asubuhi ilikuwa baridi ya mlimani.

Jumatano nililipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale Kitale. Sanduku lilikuwa limesharudi kwenye kiti chake kwa ajili ya kazi. Fundi aliniambia niwashe. Likawaka. Zima, washa. Likawaka. Akalitoa sanduku, akaketi yeye mahali pake ili asikilize vizuri, akaniambia niwashe tena, mara kumi, na mara kumi likawaka. Hata hivyo aliifungua starta, akaisafisha, akairudisha.

"Hii gari haina shida, bana," akaniambia. "Ama ni wewe unaiogopa?"

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimeliosha gari tena, sanduku liko stoo, shati langu limepigwa pasi. Mama aliingizwa nyuma, mke wangu akaupakata mguu, nikazungusha ufunguo. Tik.

Walikuja watu sita kusukuma. Matairi yalichimba tope, yakazama. Tulikata majani ya migomba tukayatandika, likapanda hatua mbili, likarudi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Nilikuwa na tope hadi magotini, na shati sikulitamani tena. Nilijua kwamba kila dakika niliyoshindwa, kidonda kile kilikuwa kikikaa katika bandeji ya Jumanne. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hukasirika. Nikaubamiza mlango, nikasema kwa sauti, "Hili gari linajua nani yuko ndani."

Nilikuwa namaanisha nini? Sijui mpaka leo. Labda nilitaka wale waliokuwa wakisukuma wacheke, wasinione fundi bure. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda mlango wa nyuma ulifunguliwa, mama mkwe akateremka mwenyewe akiwa amejishikilia kwa binti yake, akapitia tope lile na bandeji yake kurudi nyumbani. Hospitali hatukwenda; gari lilitolewa topeni jioni, wasukumaji walipoongezeka.

Jumanne iliyofuata tulipofika alikataa kutoka. Mke wangu aliingia, akatoka macho mekundu.

"Anasema gari limemkataa," akaniambia. "Ati wewe mwenyewe ulisema. Ati mtu na mkwe wake hawakuumbiwa chombo kimoja, na yeye hatalipanda tena."

"Si umwambie nilikuwa na hasira tu."

"Mwambie wewe, kama unaweza kusema naye."

Siku hiyo ndugu ya mke wangu alijaribu kumpeleka kwa baiskeli. Hawakufika hata barabara kubwa. Mguu ulivimba kwa kuning'inia, akaomba arudishwe. Akasema basi, tumwache na Mungu wake.

Ijumaa tuliondoka Kitale tena. Nilikuwa nimelisafisha gari kama kawaida yangu, maana mazoea ni mazoea hata msiba ukiwa mlangoni. Tulipofika, mke wangu aliingia ndani na baada ya muda akatoka, akashika nguzo ya baraza.

"Mguu unanuka," akasema.

Nikarudi garini peke yangu, nikazungusha ufunguo ili nijue tu. Tik. Sikugonga kitu safari hii. Niliketi, nikauona mguu ule ukikatwa, na sababu yake ikiwa mdomo wangu. Nilikuwa nimefufua mashine nyingi za kusaga katika maisha yangu, na kila mara kwa njia moja: kukumbuka ilivyokuwa siku iliyofanya kazi na ilivyokuwa siku iliyogoma. Kwa gari langu mwenyewe sikuwa nimefanya hivyo. Nilikuwa nimeliuliza lina nini. Sasa nikauliza nani alikuwa ameketi wapi.

Kitale, mke wangu yuko mbele: likawaka. Lugulu, mzee wa kanisa yuko mbele: likawaka. Gereji, fundi yuko mbele. Kwenye mashamba, sanduku liko mbele. Hapa ukweni kiti kile kilikuwa kitupu kila mara, kwa sababu mama hangeweza kuketi kando yangu, binti yake alihitajika nyuma, na sanduku nililiacha nyumbani kwa heshima.

Nilimwita mke wangu. Nikamwambia aketi mbele, asiulize. Nikazungusha ufunguo, gari likanguruma. Nikazima, nikamwambia ateremke. Tik. Aketi tena. Likanguruma.

Nikaung'oa mto wa kiti. Betri ya gari lile inakaa chini ya kiti cha abiria, jambo nililolijua siku zote, na juu yake nilikuwa nimeweka kipande cha tyubu ya gurudumu ili springi zisiguse vyuma. Nilipogusa kibano cha waya wa hasi kilizunguka kwa kidole kama pete iliyolegea. Mtu akiketi, springi zilikikandamiza juu ya betri kikashika. Akiondoka, kilipitisha umeme wa kutosha taa na honi, si wa kuzungusha starta. Kazi ya kukaza nati moja, na spana yake ilikuwa katika sanduku, Kitale.

Mke wangu alikimbia ndani kumweleza mama. Nikasikia wakibishana. Akarudi.

"Anasema usimdanganye ili apande."

"Nimdanganye vipi?"

"Anasema kama ni kiti na si yeye, basi atakikalia hicho kiti mwenyewe, na asikie."

Niliurudisha mto mahali pake. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi, nikaipa nyumba mgongo, kwa sababu nilikuwa mkwe bado. Nilisikia hatua zake zikija polepole, na fimbo. Nilisikia mke wangu akipanda upande wa dereva, na mama akimwamuru aanze kwanza kiti kikiwa kitupu. Tik. Halafu mlango wa upande wa pili, mtu akipumua kwa maumivu, springi zikilia. Nilijua kwamba safari hii likigoma, sitamshawishi tena kwa lolote.

Gari likawaka.

Liliunguruma pale kwa muda mrefu. Baadaye mke wangu aliniambia mama yake alikuwa ameketi wima, mikono magotini, machozi yakimtoka, akirudia, "Kumbe si mimi." Alikuwa amelala siku saba akiamini ni yeye.

Tulimhamishia nyuma. Kwenye kiti cha mbele tukaweka jiwe lake la kusagia wimbi, nililolibeba mwenyewe kutoka jikoni, na jiwe hilo lilisafiri nami hadi Lugulu.

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari hakusema kama safari zile tulizokosa zingeviokoa vidole hivyo, nami sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Siku aliporuhusiwa nilikuwa nimekikaza kibano, nikakivuta kwa mikono yote miwili kisitikisike. Nilisimama mbele ya gari nikitazama lango la hospitali hadi nikasikia wameketi nyuma. Nikapanda. Kabla sijagusa ufunguo, mama akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, "Hebu muulize mkwe wangu kama gari bado linajua nani yuko ndani."

Mke wangu aliangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikitazama kiti kitupu kando yangu, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka.