Mzungu Aliyefunga Geti Lisilokuwepo

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kila anayesimulia kwa niaba yangu hapa Sydney anaongeza au anapunguza. Wakenya wa Westmead wanasema tulikuwa wanne. Uongo. Tulikuwa wawili, halafu tukawa watatu. Wengine wanasema nilikuwa nimelewa. Mimi pombe niliacha kabla wao hawajazaliwa, na asubuhi ile nilikunywa chai ya rangi na vipande viwili vya mkate. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi sasa hivi nacheka. Siku ile sikucheka.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia darasa la tatu na sioni aibu kulisema, maana waliosoma mpaka wakachoka ndio wanaoniletea baiskeli zao gereji kwangu Seven Hills, wanasimama mlangoni kama watoto wanaosubiri kuchanjwa. Baiskeli za mlimani hasa, zile zenye matairi mapana na springi mbele. Nikishaitengeneza naipeleka msituni Jumapili niijaribu mwenyewe. Nina miaka sitini na nane na miteremko naishuka bila kugusa breki. Muulize yeyote.

Sasa nina binti mmoja, Neema, nesi. Mama yake alishafariki, tukabaki wawili ndani ya nyumba. Wachumba wawili walishakuja nikawarudisha. Wa kwanza alikuwa na mikono laini kama ya mtoto mchanga. Wa pili alinisalimia huku anaongea na simu. Wa tatu ndiye huyu Brian, Mkenya, kazi yake ofisini kule Lidcombe, kompyuta kutwa nzima. Nilimpa tairi siku moja azibe pancha, nimpime. Akaenda kutafuta kwenye simu namna ya kulitoa.

Neema aliona nilivyomtazama. Jioni akaniambia, na alisema polepole, hakufoka: "Baba, Jumapili wazee wa kina Brian wanakuja saa saba mchana. Ukimrudisha na huyu, mimi nahama. Sitagombana na wewe. Nahama tu."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya ujinga, na nakiri. Niliamua kupotea.

Unajua desturi zetu. Baba wa binti asipokuwepo, posa haifunguliwi. Wageni watakunywa soda, watatazamana, watarudi kwao. Na hakuna atakayesema mzee kakataa. Mzee kapotea msituni, mtu mzima, bahati mbaya, tupange siku nyingine. Halafu hiyo siku nyingine nayo ingepata bahati mbaya yake. Na ili mambo yakamilike, nikamchukua Papa Bosco twende wote. Papa Bosco ni Mkongo wa Bukavu, rafiki yangu wa miaka mingi, na ndiye niliyemteua awe msemaji wa upande wetu. Baba hayupo, msemaji hayupo. Hapo posa itafunguliwa na nani?

Saa mbili asubuhi tukapakia baiskeli kwenye gari, tukaendesha zaidi ya saa nzima mpaka msitu ninaoujua kama kiganja changu. Nikampitisha Papa Bosco njia za kushoto ambapo tulitakiwa kwenda kulia. Ukungu ulikuwa mzito, tope limejaa. Kufika saa tano nikaona imetosha, sasa nitafute njia yangu nipumzike mahali, nirudi zangu saa tisa nikiwa na uso wa huzuni. Nikatafuta njia. Haipo. Nikatafuta tena. Niamini, nilikuwa nimepotea kweli.

"Fundi," Papa Bosco akasema, "huu mti tumeuona mara tatu. Na mimi leo niko na hotuba."

"Hotuba gani?"

"Ya bibi harusi. Nimeiandika kurasa nne. Utaniharibia hotuba yangu weye."

Hapo ndipo yule mzee akatokea nyuma yetu. Mzungu, wa umri wangu, sweta la sufu, suruali kaichomeka ndani ya soksi. Akasema "Bonjour" na Papa Bosco akaitikia kwa furaha, maana Kifaransa ndicho alichosomea.

Wao wakasalimiana. Mimi nikawa natazama baiskeli, ndiyo kazi yangu. Na ndipo nikaona mambo. Baiskeli yoyote ukiacha kukanyaga, gurudumu la nyuma linalia tiki-tiki-tiki. Yake ilikuja mpaka tulipo imetulia kimya. Nikatazama chini. Tope limechorwa matairi yangu, limechorwa ya Papa Bosco. Yake, hakuna. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikaona mnyororo.

"Mwambie mnyororo wake umekauka. Atakuja kuukata mlimani."

Papa Bosco akatafsiri. Mzee akacheka, akajibu. "Anasema ataupaka mafuta akishakula. Anasema anachelewa chakula cha mchana kwao, kijiji kiko hapo chini, tumfuate."

Kijiji gani? Msitu ule hauna kijiji. Lakini mtu aliyepotea hachagui, tukamfuata.

Tulikwenda kidogo, akashuka. Akanyoosha mkono hewani, akainua kitu kama komeo, akavuta, akasimama pembeni akitungoja. Mbele yetu hapakuwa na kitu. Papa Bosco akaniangalia, nikamwangalia.

"Ni nini?"

"Geti. Anasema tupite haraka, ng'ombe wasitoke."

Tukapita. Nasema ukweli, tuliinamisha vichwa kwa adabu, wazee wawili wazima. Akalifunga nyuma yetu. Nikasikia chuma kikigonga chuma.

Baada ya pale mikaratusi ikaisha. Sijui niielezeje. Ardhi ikawa nyeupe kama chokaa, njia nyembamba inashuka kati ya kuta za mawe mafupi, na kulia na kushoto miti ya matufaha, mengine yameanguka njiani. Nililikanyaga moja kwa tairi la mbele, maji yake yakanirukia ugokoni. Kengele ya kanisa ikalia mbali. Harufu ya mkate ikaja, na harufu ya samadi. Na njia yenyewe! Nimepanda milima mingi lakini njia ile ilikuwa imelala chini ya tairi kama imeshonwa. Kona zinakuita. Nilisahau posa, nilisahau Brian, nikaachia breki zote mbili.

"Fundi," Papa Bosco akapiga kelele nyuma yangu, "huku si Australia tena. Nilikaaga Ufaransa miaka mbili, nayajua haya mavi ya ng'ombe."

Geti la pili. Geti la tatu. Na tulipopita la tatu tukatokea kwenye lami, nyuma ya maghala ya Seven Hills, dakika tano kutoka kwangu. Gari langu lilikuwa bado kule msituni. Tulilifuata kesho yake kwa treni na teksi, risiti ninazo. Nikatazama saa. Saa saba kasoro dakika kumi.

Kwa hiyo nilikuwa nimewahi. Mimi, niliyekwenda kupotea, nimewahi.

Papa Bosco akaninong'oneza, "Huyu mtu si mtu. Usiongee naye neno."

Nami nilikubali kabisa. Lakini mdomo umezoea. Mtu kakusaidia, mnaachana barabarani, unasema nini? Nikasema, "Asante sana, mzee. Karibu nyumbani. Leo tunakula saa saba, karibu sana." Na Papa Bosco, ambaye sekunde moja nyuma kanikataza, naye kazoea kutafsiri. Akatafsiri yote, na anwani akaitaja. Mzee akavua kofia yake, akainama. Tukaondoka mbio.

Nikaoga, nikavaa. Neema aliponiona sebuleni nimekaa kwa wakati alisimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini. Wageni wakaingia, Wakenya saba, mbele yao Mzee Kamau mwenye sauti ya redio. Nikawahesabu wakikaa. Wanane.

Alikuwa amekaa kati ya shangazi wawili wa Brian, kofia gotini.

Upande wetu wakadhani kaja na Wakenya. Wakenya wakadhani ni wetu. Shangazi mmoja akamwongezea pilau kwa heshima, mwingine akaniambia pembeni, "Kumbe nyinyi mna Mzungu kwa family." Ningemjibu nini? Ni mgeni wangu. Nimemkaribisha mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mzee Kamau akasimama, akasema walichokijia, akasema vizuri, sikatai. Kisha akauliza, "Sasa nani ananijibu kwa niaba ya msichana?"

Papa Bosco akatoa kurasa zake nne. Lakini kabla hajafungua, mimi nikamkanyaga mguu. Ndiyo, nilimkanyaga. Nilitaka kusema mwenyewe, na nilishajua nitasema nini: tupeni muda tufikirie. Neno hilo halina tusi ndani yake, na linaua posa kama sumu ya panya. Neema alikuwa kwenye mlango wa jikoni, trei mkononi, ananitazama machoni. Alijua.

Nikajikohoza. Na yule Mzungu akasimama.

Akaongea Kifaransa, kwa utaratibu, akitazama sahani yake. Hakuongea sana. Alipokaa, sebule nzima ikamgeukia Papa Bosco.

"Anasema," Papa Bosco akaanza, "anasema mtu akikungoja mezani, usimfanye angoje. Yeye alichelewa chakula siku moja tu. Alikuwa anazunguka na baiskeli, aliona muda bado upo. Mpaka leo hajafika."

Shangazi mmoja akafuta macho.

"Sasa hiyo," Mzee Kamau akauliza, "ni ndiyo ama ni hapana?"

Papa Bosco akanitazama. Nikafungua mdomo. Nilimwona Neema na trei yake, na yale maneno yangu sikuyapata. Yaliyeyuka.

"Ni ndiyo," Papa Bosco akasema.

Vigelegele vilipigwa pale mpaka majirani wakatoka nje. Neema aliweka trei chini kwenye zulia, akaja akanikumbatia shingo mpaka nikakosa pumzi. Brian akapiga magoti kunisalimia. Katika fujo hiyo mzee wetu akaondoka. Nilimwona dirishani yuko uani, anainua komeo mahali ambapo pana ukuta wa mbao tu, anapita na baiskeli yake, anafunga. Sahani aliyoiacha ilikuwa imejaa pilau vilevile. Shangazi wote wawili wanaapa walimwona akila. Pilau lenyewe lilikuwa baridi kama limetoka kwenye friji.

Neema kaolewa, anakaa Westmead karibu na kazi yake. Wakwe kila tukikutana wananiuliza, "Yule mzee wenu wa busara, hajambo?" Hajambo. Kila Jumapili saa saba anakuja. Hagongi. Nikigeuka kutoka jikoni yuko kwenye kiti, kofia gotini, na mimi natenga sahani mbili. Nilimwomba Papa Bosco amuulize kwa upole anaondoka lini. Akarudi na jibu: "Anasema ulimwambia karibu sana." Mgeni utamfukuzaje? Neema anadhani ni mpangaji wangu. Ananiambia, "Afadhali Baba, hukai peke yako."

Kwa hiyo nakuonya. Ukikutana na mtu msituni, tazama tope alipopita kabla hujafungua mdomo. Msalimie, muulize njia, mshukuru, nyamaza. Lile neno la kumkaribisha nyumbani sisi tunalitoa kama kupiga chafya, lakini wako wanaolishika. Na kama una binti na wageni wake wanakuja, kaa nyumbani ujibu mwenyewe, liwe ndiyo, liwe hapana. Mimi nilijibiwa na mtu ambaye hata kaburi lake silijui, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.