Kopo la Mvua Lililong'olewa Mugeta

Nakumbuka vuli moja pale Mugeta, mwanangu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba shule inaiba mvua. Usicheke kwanza.

Wanafunzi walikuwa wamesimika kopo la kupimia mvua uwanjani. Kila asubuhi waliandika kipimo kwenye ubao kando ya mashine ya kusaga, ili sisi wazazi tujue kama ardhi imelowa vya kutosha kupanda. Basi uvumi ukatoka mnadani Bunda, ukatufikia kabla ya basi: kopo linavuta mawingu, mvua yote inafungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu!

Mimi ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya usiku Musoma, najiona nimebeba chuo kizima kichwani. Watu wakaniuliza, "Msomi, ni kweli?"

"Mvua haina akili," nikajibu. "Ikiona mdomo wazi, inaingia."

Makofi yalisikika mpaka Kibara. Nikaling'oa kopo kwa mikono yangu, nikalitupa chooni.

Kesho yake wanafunzi wakakuta shimo. Waliniangalia tu, nami nimesimama palepale najichekesha. Ubao ukabaki mtupu.

Wiki ile ikapiga mvua yenye kelele nyingi kuliko maji. Nikatangaza, "Mnaona? Imeachiliwa!" Tukapanda. Jua likaja, likaoka mbegu udongoni. Mimi nilikuwa na akiba. Jirani yangu Mama Bhoke, mjane, alikuwa amemwaga mtama wake wote shambani, hakubakiza hata wa kuwaonjesha kuku. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikiacha kichwa changu salama, ukaponza ghala la mjane.

Kopo jipya nililisimika mwenyewe, wanafunzi wakinisimamia kama fundi mwizi. Aibu ile, mwanangu, haijaniisha mpaka leo.

Kwa hiyo nakuusia: mtoto akileta jambo kutoka shuleni, nenda ukaulize kabla hujalihukumu. Kuuliza si ujinga. Na elimu yako usiitafutie makofi, maana wanaokuamini ndio watakaolala njaa. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe na masikio ya kuwasikiliza waliokuja duniani nyuma yako.

Mimi masikio yangu yalizibuliwa na Mama Bhoke, nilipompelekea debe la mbegu. Alilipokea bila kuniangalia.

"Baba Marwa, kopo halivuti mvua. Linapima tu iliyokwisha kunyesha. Mimi ule ubao nilikuwaga nausoma kila nikienda kusaga. Ulipokosa maandishi, ndipo nikakusikiliza wewe."