Mtungi wa Papa

Harufu ya ndizi zilizoivishwa shimoni, tamu hadi kukera pua, ndiyo inayonirudisha Karuba, katika milima ya Masisi, miaka ya sitini. Msimu ule nilibaki na Koko, mama mzaa baba, katika nyumba iliyotuzidi kwa ukubwa. Mama alikuwa amefariki. Papa, baba yangu, alikuwa ameshuka Walikale kutafuta kazi, akaahidi kurudi wakati wa kuvuna maharage. Nilikuwa mpweke, sina wa kucheza naye ila kuku, nao walinichoka.

Maharage yalipoanza kukauka, tulikamua ndizi kwa nyasi, Koko akachanganya maji yaliyotoka na unga wa mtama uliokaangwa, akayamimina mtungini na kuuziba kwa majani ya mgomba. Kwetu pombe ya kumpokea msafiri haiguswi kabla mwenyewe hajaionja. Kesho yake niliweka sikio kwenye mtungi. Ndani kulichemka bila moto.

"Koko, iko inafanya nini?"

"Iko inakula sukari yake. Ikimaliza, itanyamaza. Papa yako atakuta iko tayari."

Mtungi ulinyamaza. Papa hakuja. Koko alisema subira huvuta heri. Mimi niliiamini zaidi ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila gari liliponguruma barabarani nilikimbia kutazama. Majirani walipita, wakanusa, wakameza mate, wakaenda zao. Pombe ikawa chachu, kisha ikawa siki kabisa. Koko akaimwaga kwenye shina la mgomba, akaenda kukata ndizi nyingine. Hapo niliogopa kweli, kwa kuwa nilielewa kwamba hata yeye hajui kama mwanawe atarudi.

Hakurudi. Leo mimi ni mwalimu wa biolojia, na kazi niliyoijua kwa sikio naijua kwa jina: glikolisisi. Glukosi, yaani sukari, huingia katika seli, hukatwa vipande viwili, na nguvu kidogo hupatikana hata pasipo hewa. Hamira iliyofungiwa mtungini huvigeuza vipande hivyo kuwa pombe na gesi, ile iliyokuwa ikininong'oneza. Miguu yetu nayo huanza kwa njia hiyo hiyo tunapopanda mlima mbio. Wanafunzi wangu hunywa soda za chupa. Hawajawahi kusikiliza mtungi. Huwaambia kwamba seli haimngoji mtu: ikipata sukari, hula. Nikifika hapo huwageuzia mgongo, nikafuta ubao ambao tayari ni safi.